Mafuta Mazuri Yalivyomshusha Mnara

Dereva wa winchi hashuki kula. Watu wengi hawalijui hili. Wanaiona ile mashine ndefu ya njano imesimama juu ya jengo linalojengwa, mkono wake unazunguka taratibu, wanadhani kuna mtu chini anabonyeza vitufe. Hapana. Mtu yuko juu kabisa, kwenye kibanda cha vioo ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na asubuhi alipanda kwa ngazi, chuma kwa chuma. Kushuka ni kazi. Kupanda tena ni kazi nyingine, na zege halimsubiri mtu. Kwa hiyo anapanda na vyake vyote: maji, koti, redio ya kuongea na watu wa chini, chupa tupu ya shughuli ambayo usijifanye hukujiuliza, na hotipoti ya chakula kutoka nyumbani.

Hiyo hotipoti ndiyo iliyomponza mtu ninayemsema.

Kazini wanamwita Mnara. Sio mrefu. Ni mfupi, mabega kama kabati, shingo haionekani vizuri. Wamemwita hivyo kwa sababu akishapanda, humshushi hadi jioni. Alianza kwa kubeba matofali, akawa mfunga mizigo, akajifunza winchi, na tangu hapo hajataka kazi nyingine. Ukimuuliza anapenda nini kule, anakujibu, "Kule juu hakuna anayenisemesha bila sababu." Kaa nyumbani kwake nusu saa utamwelewa.

Nyumbani wako wanne. Mke wake ni fundi cherehani. Ana mashine mbili sebuleni, na ya tatu ni ulimi. Dada mkubwa wa Mnara ni mjane, alihamia kwao baada ya kumzika mumewe, na amechukua chumba cha pembeni pamoja na haki ya kusema chochote. Halafu kuna binti yao. Anauza simu dukani, na kila anachokijua kuhusu dunia kimepitia kwenye kioo cha simu.

Kila mwaka kampuni inawapima madereva wake. Macho, masikio, presha, damu. Na ni haki. Hakuna anayetaka mtu azimie huku ananing'iniza chuma juu ya vichwa vya wenzake. Mwaka huo daktari wa kampuni, kijana mwenye haraka, aliangalia majibu ya Mnara, akakunja uso.

"Presha iko mpakani. Mafuta kwenye damu yameshavuka mpaka. Punguza mafuta mabaya, weka mafuta mazuri. Nakupa miezi mitatu. Ukirudi hivi hivi, sikuruhusu kupanda."

"Mazuri ni yapi, daktari?"

"Ya mimea, samaki, vitu kama hivyo. Mwambie mwenzako aingie."

Huo ndio ushauri wote. Foleni ilikuwa ndefu kuliko maelezo.

Mnara akaibeba ile sentensi hadi nyumbani, na kama unavyojua, mzigo usiofungwa vizuri hudondoka njiani. Nusu ya kwanza, ile ya kupunguza, ilidondoka. Aliyefika mezani alikuwa na nusu ya pili tu.

"Kasema niwekewe mafuta mazuri," alisema, akiwa bado na viatu. "La sivyo wananishusha."

Mke wake akasimamisha mashine. "Wanakushusha uende wapi?"

"Chini. Stoo, getini, popote. Sitapanda tena."

Hapo kila mmoja alielewa. Mnara bila winchi ni mume mwingine kabisa, na hakuna aliyetaka kukutana naye.

"Basi kuanzia leo ni alizeti tu," akasema mke. "Samli marufuku humu ndani."

"Marufuku na nani?" akauliza dada mtu.

"Na mwenye jiko, wifi."

"Jiko ni lako, wifi yangu, sikatai. Ila aliyenyonya ziwa moja na mimi ni huyo hapo."

Binti akainua macho kwenye simu. "Wote mmekosea. Mafuta ya mbegu yanachemshwa kiwandani mpaka yanakufa. Kuna daktari mmoja namfuatilia, anasema—"

"Daktari wa hospitali gani?"

"Ana watu milioni mbili, Mama."

"Wagonjwa?"

"Wafuasi."

"Aa. Hata kinyozi ana vichwa vingi, na hajawa daktari wa ubongo."

"Sikiliza basi! Anasema zeituni, parachichi, na nazi."

"Nazi? Juzi tu redioni wamesema nazi inaziba mishipa."

"Wa kwangu anasema inazibua."

"Inaziba na inazibua," akasema shangazi yake. "Hiyo ni nazi au fundi bomba?"

Walicheka, hata Mnara. Halafu wakabishana mpaka chakula kikapoa. Tukiacha utani, hakuna aliyekuwa anatunga. Mke alisikia redioni, binti aliona kwa macho yake kwenye simu, dada alikuwa na yake ambayo hakuisema siku hiyo. Kila mmoja alikuwa na mtaalamu, na wataalamu wenyewe hawasalimiani. Mtu wa kawaida afanye nini? Anachagua yule anayemwambia anachopenda kusikia, basi.

Mnara aliulizwa anataka nini. "Mimi nitakula chochote," akasema. Alidhani amenunua amani.

Ikawa hivi. Alfajiri mke anaamka, anapika wali, maharage na mboga, wakati mwingine nyama. Anapikia alizeti. Na kwa kuwa alizeti ni mafuta mazuri, hakuona sababu ya kuyabania. Zamani alitia kwa kijiko. Sasa alimimina kwa imani. Anajaza hotipoti, anaenda kuoga.

Akishafunga mlango wa bafu, mlango wa chumba cha pembeni unafunguka. Dada mtu anatoka na kopo la samli analolificha kati ya mashuka. Anafukua wali kwa kijiko, anazika tonge zima la samli chini, anafukia, anasawazisha juu kama mtu anayepiga lipu. Anarudi kulala.

Wa mwisho kutoka ni binti. Kazi yake ni kufunga hotipoti na kuitia kwenye begi la baba yake. Kabla hajafunga anatoa kichupa cha zeituni mfukoni, anazungusha juu ya chakula kama alivyoona kwenye video, anapanga na vipande vya parachichi. Akiona bado haijatosha, anaongeza konzi ya karanga.

Kila mmoja alijua siri yake mwenyewe tu. Kila mmoja alimwangalia Mnara jioni akaona ngozi inang'aa, akajipongeza.

Na Mnara? Mnara alijua yote. Mtu anayeweza kuhisi kwenye mpini kwamba mzigo umefungwa upande hawezi kushindwa kuonja samli chini ya zeituni. Kule juu alifungua kifuniko, akakuta chakula kinameremeta, akachimba, akakutana na kila mtu wa nyumbani kwake kwa zamu. Angeweza kusema. Lakini kusema maana yake ni kumchoma mmoja kwa mwingine, na yeye alipanda kule kukimbia hayo hayo. Isitoshe alikuwa na hesabu yake: kama mafuta mazuri ya aina moja ni dawa, ya aina tatu si ni hospitali nzima? Na kilikuwa kitamu. Tusidanganyane, kilikuwa kitamu sana.

Mkanda ukasogea tundu. Ngazi ikaanza kuwa ndefu. Asubuhi moja alisimama katikati, ameshika chuma, anahema. Chini alikuwepo mtoa ishara wake, jamaa mwembamba wanayemwita Filimbi, ambaye kazi yake ni kumwelekeza kwa redio mzigo uende wapi.

"Mnara, umefika au nilete machela?"

"Napumzika. Naangalia mandhari."

"Mandhari ya ngazi?"

Miezi mitatu ikaisha. Mnara alienda kupimwa ametulia, kama mwanafunzi aliyekesha na kitabu. Daktari aliangalia majibu mara ya kwanza, akaangalia tena.

"Umefanya nini?"

"Kama ulivyosema. Nimeweka mazuri."

"Na mabaya, umepunguza?"

Mnara akafikiri. "Hilo halikupata wa kulishika, daktari."

Mafuta kwenye damu yalikuwa yamepanda. Presha ilikuwa imeyafuata. Daktari hakupiga kelele, wala hakuhitaji. Alisaini, akampa tarehe ya kurudi, na siku iliyofuata Mnara alikuwa stoo, nyuma ya dirisha la waya, anagawa kofia ngumu na glavu. Winchi akapewa kijana ambaye hata kupanda alipanda kwa mbwembwe. Mnara alijizuia kuangalia juu hadi saa sita mchana.

Siku hiyo alikula chini kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, amekaa juu ya mbao na Filimbi. Akafungua hotipoti. Filimbi akachungulia.

"Ndugu yangu, hiki ni chakula au taa? Tia utambi tuwashe."

"Ni mafuta mazuri haya."

"Yote?"

Mnara akamwonyesha kwa kijiko, tabaka kwa tabaka: hii ya mama watoto, hii ya dada, hii ya binti. Filimbi alicheka hadi akakohoa. Halafu akaacha kucheka.

"Hebu niambie. Ukiwa juu, wakikupa ishara watu wawili kwa mpigo, unafanya nini?"

"Nasimamisha mzigo. Sifuati yeyote."

"Na nyumbani wakikupa watatu?"

Mnara alikula nusu, akafunga. Ilikuwa mara ya kwanza kurudisha chakula nyumbani, na hicho ndicho kilicholeta maneno. Mke alifungua ile hotipoti jioni ili aioshe, akakuta samli imeganda chini, nyeupe kama mshumaa.

"Hii nini?"

Mnara alikuwa amevua viatu. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo kazi ya juu haikuwahi kumchosha. "Ni ya dada," akasema. "Na ya juu hapo ni ya mwanao. Wanaweka kila siku."

Hotipoti ikatuliwa mezani. Simu ikawekwa chini.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Nyote mlisema ni mazuri."

Mke aliwageukia wenzake. Nitairuka hiyo sehemu. Unaweza kuitunga mwenyewe kwa wanawake wa nyumbani kwenu. Binti alilia haraka akamaliza. Shangazi hakulia. Alisubiri wifi yake avute pumzi, ndipo akasema, taratibu tu:

"Mume wangu alipoanza kuumwa moyo, tulienda hospitali. Wakatuambia acheni siagi, acheni samli, acheni mayai. Kuleni majarini. Wakati huo majarini ndiyo ilikuwa dawa. Nikamnunulia ile ngumu, ya kwenye kopo. Nikampaka kwenye mkate kila asubuhi, nikamkaangia nayo, nikamfuatilia asile siagi hata kwa watu. Alikuwa anaitamani siagi kama mtoto. Nikamnyima mpaka akafa. Baadaye nikasikia, wanasema tena majarini ile ndiyo ilikuwa mbaya. Hakuna aliyekuja kunigongea mlango aniambie samahani. Sasa mnataka nimnyime na ndugu yangu?"

Mke akavuta kiti. Akaketi. Miaka yote ya kukaa nyumba moja alijua wifi yake ni mbishi. Hakuwa amejua ubishi umetoka wapi.

"Siku ya kurudi kwa huyo daktari," akasema shangazi, "naenda na mimi. Nimwambie usoni."

Akaenda. Alivaa nguo ya kutokea, akaketi mbele ya Mnara kwenye foleni, na walipoingia alikataa kiti. Akamweleza yule kijana habari yote, ya kopo, ya mkate, ya mazishi. Alikuwa amejiandaa kwa vita. Daktari aliacha kuandika.

"Ile majarini ngumu ya zamani?"

"Hiyo hiyo."

"Mama, hapo mlikosewa. Jinsi walivyoigandisha kiwandani, ilizaa mafuta mabaya kuliko hata ya siagi. Wakati ule hawakujua, lakini mlikosewa. Siwezi kukwambia ndiyo iliyomuua mzee, hilo silijui. Wewe ulifanya ulichoambiwa."

Shangazi akakaa. Alikaa tu, mkoba magotini, kama mtu aliyefika na nyundo akakuta ukuta umeshabomolewa.

"Na huyu nimemkosea mimi," daktari akaendelea. "Nilimtupia neno 'mazuri' akaondoka nalo. Mafuta mazuri sio sabuni, mama, hayaendi kuosha yale mabaya. Unaweka hili badala ya lile, sio juu ya lile. Na hilo zuri lenyewe kwa kijiko. Ukimimina kikombe, linanenepesha kama mengine."

"Nazi je? Kuna mtoto nyumbani ana vurugu na nazi."

"Mafuta yake kwa kupandisha yale ya damu ni ndugu wa samli. Sio sumu, ila sio dawa."

"Mayai?"

"Yai halina kesi kubwa. Niambie linakaangwa kwenye nini."

"Na mwakani mtabadilisha tena."

"Baadhi tutabadilisha," akasema kijana, na kwa hilo nampa heshima. "Ndiyo maana tunampima yeye. Hatupimi chupa ya mafuta."

Akamwandikia Mnara na vidonge, kimoja kila jioni.

Jioni shangazi aliingia jikoni na kopo lake la samli mwenyewe, akaliweka mezani mbele ya wifi yake. "Wape majirani."

"Kha! Mimi nimesema hivyo miezi yote hii sikusikika. Leo kasema mtoto mwenye koti jeupe, umesikia."

"Wewe hukuniambia kwamba nilikosewa, wifi."

Mke akalichukua kopo.

Kuanzia hapo shangazi akawa askari wa jiko. Kijiko kimoja cha alizeti kwenye sufuria, naye amesimama hapo hapo. Parachichi likiwepo, mafuta yanapungua. Nyama inachunwa mafuta yake kabla ya moto. Samaki alipopatikana, hakuna kumkaanga. Mke alilalamika kwamba anapikishwa kama mfungwa, akaendelea kupika. Binti alirudi kwa daktari wake wa milioni mbili kutafuta hoja, akakuta siku hizi jamaa anakula siagi tupu kwa kijiko huku anatabasamu. Akaacha kumfuata. Akamfuata mwingine, hilo halina dawa.

Mnara aligundua tatizo ambalo hakuna mtaalamu aliyemtajia: kazi ya stoo haina ngazi. Wamemshusha kwa ajili ya moyo wake, wakamnyima kitu pekee kilichokuwa kinautikisa. Kwa hiyo wakati wa mapumziko akaanza kupanda ngazi za lile jengo lenyewe, za zege, zisizo na kuta bado, hadi juu na kurudi. Msimamizi alimkuta mara mbili, akadhani anakagua. Mnara hakumsahihisha. Kule juu alisimama kidogo usawa wa mkono wa winchi, akamwangalia yule kijana anavyopeleka mizigo. Alikuwa anawahi kuzungusha kabla mzigo haujatulia. Mnara aliuma meno, akashuka.

Kipimo kilichofuata alienda peke yake, hakutaka mashahidi. Daktari alisoma, akageuza karatasi kama kuna kitu kimefichwa nyuma.

"Presha imetulia. Mafuta yamerudi ndani ya mpaka. Sio mbali sana, lakini ndani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo panda."

Msimamizi naye hakuwa na pingamizi. Yule kijana alikuwa ameshaombwa kwenye ujenzi mwingine, na pia alikuwa amegonga jukwaa la mafundi mara moja, ingawa hilo walilisema kwa sauti ya chini.

Mnara alipofika nyumbani na habari hiyo, furaha ilidumu kwa muda wa kuvua koti.

"Alizeti hiyo," akasema mke. "Aliianzisha nani humu ndani?"

"Uliianzisha kwa ndoo, wifi. Aliyeileta kwenye kijiko ni mimi."

"Jamani, parachichi!" akasema binti. "Kabla ya parachichi alikuwaje? Mimi nina picha."

"Picha ya parachichi inapima damu?"

"Shangazi, usinichekeshe. Nani aliyesema zeituni tangu siku ya kwanza?"

"Aliyesema na nazi!"

Vidonge vilikuwa juu ya kabati, pembeni ya uzi wa cherehani. Hakuna aliyevitaja. Ngazi za zege hawakuwahi hata kuzisikia.

Wakamgeukia yeye aamue: ni mafuta gani yaliyomrudisha juu? Mnara akasema kesho zege linamwagwa mapema, akachukua glavu zake, akaenda kulala.